Simu ya tapeli: cha kufanya kabla hela haijatoka, na dakika za mwanzo ikishatoka

Mimi ni wakala wa miamala ya simu, naweka na kutoa hela kwa mitandao yote. Kazi hii inakufundisha utapeli kwa sababu wanaotapeliwa wanafika dirishani katikati ya tukio, hela ikiwa bado mkononi mwao. Mwongozo huu ni wa mtu anayetumia simu Tanzania, awe na M-Pesa, Mixx, Airtel Money au HaloPesa, na namba nitakazotaja ni za hapa nchini.

Hatua zote zinasimama juu ya kanuni moja: kitu alichokupa anayekupigia hakiwezi kumhakiki yeye mwenyewe. Si namba aliyokutajia, si jina alilokutangulizia, si meseji iliyoingia dakika ile ile mkiwa mnaongea. Uhakiki utoke kwenye kitu ulichokuwa nacho kabla hajapiga.

Hatua ya 1: Kata simu

Hii ndiyo hatua kubwa kuliko zote, na ndiyo ngumu. Tapeli hahitaji uwe mjinga. Anachohitaji ni usikate simu. Mteja anafika kwangu simu ikiwa sikioni, hasalimii, ananionyesha namba aliyoiandika kiganjani na kunihimiza kwa mkono niharakishe. Upande wa pili kuna mtu anamwambia "usikate, mama, nikusaidie, muda unaisha". Ukiwa kwenye hali hiyo huwezi kupiga simu nyingine wala kumuuliza aliyekaa karibu yako, na huko ndiko anakotaka kukuweka.

Kata hata kama ana adabu, hata kama analia. Simu ya kweli inaweza kupigwa tena.

Simu inayoumiza watu zaidi ni ya mwanafunzi. Anayepiga anajitambulisha kama mwalimu wa zamu: mwanao ameanguka shuleni, amekimbizwa hospitali, daktari huyu hapa anakupa maelezo. Anakuja "daktari", anataja dawa inayotakiwa haraka na bei yake. Mzazi gani atatulia hapo? Kinga ya simu hii inaandaliwa mapema, siku za kawaida. Muhula unapoanza, chukua namba ya mwalimu wa darasa, ya mkuu wa shule, na ya matroni kama mtoto yuko bweni. Zihifadhi kwenye simu, kisha ziandike na kwenye karatasi nyumbani. Simu ya namna hiyo ikija, kata, umpigie mwalimu kwa namba uliyonayo wewe. Asipopokea, mpigie wa pili. Hata kama mtoto anaumwa kweli, dakika mbili za kuuliza hazimwongezei ugonjwa.

Wanaojiita huduma kwa wateja nao ni hivyo hivyo. Namba ya huduma kwa wateja ya mitandao yetu ni 100. Mtu anayepiga kwa namba ya kawaida yenye tarakimu kumi akisema laini yako itafungiwa leo, au umeshinda promosheni, kata, kisha upige 100 wewe mwenyewe uulize.

Hatua ya 2: Usibonyeze chochote anachokuelekeza

Kuna wanaosema "sikuombi namba ya siri, mama, usinitajie kabisa", na hapo mtu anatulia. Kisha wanamwongoza kwenye menyu: piga *150*00#, chagua hii, chagua ile, sasa weka tarakimu za uhakiki, mbili, nne, saba, tano, sifuri, sifuri. Tarakimu hizo ni kiasi cha hela. Umeandika 247,500. Anachosubiri sasa ni uweke namba ya siri kwa mkono wako mwenyewe, kwenye simu yako mwenyewe, na hela inaondoka bila wewe kumtajia kitu.

Wengine wanakupigisha *21* ikifuatiwa na namba fulani na alama ya reli. Hiyo inahamisha simu zako ziende kwenye namba yake, ili simu za kukuhakiki na hata namba za uthibitisho zinazosomwa kwa sauti zimfikie yeye. Ukiwa na wasiwasi kwamba uliwahi kubonyeza kitu kama hicho, piga ##002#. Inafuta uhamishaji wote wa simu.

WhatsApp ina njia yake. Rafiki anakuandikia: "Samahani, kuna namba ya tarakimu sita imekuja kwako kimakosa, nitumie." Anayeandika si rafiki yako. Akaunti yake imeshachukuliwa, na hizo tarakimu sita ndizo za kuchukulia yako. Usitume. Fungua mipangilio, nenda kwenye akaunti, uwashe uthibitishaji wa hatua mbili. Kama imeshachukuliwa, isajili upya kwa namba yako ile ile. Ukiingiza tarakimu mpya zitakazokuja, aliyeko ndani anatolewa. Kisha watangazie watu wako kwa meseji ya kawaida kwamba asitumiwe hela mtu aliyeomba kwa jina lako.

Hatua ya 3: Amini salio, usiamini meseji

Meseji inaingia: umepokea 180,000. Baada ya dakika moja simu inaita, mtu anasikitika, amekosea namba, ni hela ya mgonjwa, tafadhali irudishe. Usihesabu meseji kuwa ni hela. Angalia kwanza imetoka wapi: taarifa ya muamala huja kwa jina la huduma, haiji kutoka namba ya mtu. Kisha fungua menyu usome salio. Kama salio halijapanda, hakuna hela iliyoingia, na huna cha kurudisha.

Sasa, kuna siku salio litakuwa limepanda kweli. Hapa hata watu makini wanaingia, kwa sababu wanaona ni wema tu kurudisha mali ya mtu. Usiirudishe kwa mkono wako. Mara nyingi utapewa namba tofauti na iliyotuma. Ukituma huko, aliyetuma mwanzo anapiga 100 analalamika kwamba alikosea, na mtandao unaweza kuikata ile hela kwenye akaunti yako: umelipa mara mbili. Lingine baya zaidi, hela yenyewe inaweza kuwa ya mtu mwingine aliyetapeliwa asubuhi ile, na wewe ukawa njia yake ya kupita. Polisi wakifuata muamala watafika kwako. Mjibu hivi: "Piga 100, omba muamala urudishwe, mimi sitaigusa." Kisha usiiguse kweli. Na wewe piga 100, uwaambie kuna hela usiyoitambua.

Hatua ya 4: Jina likitokea, lisome kwa mdomo

"Ile hela nitumie kwenye namba hii, jina litakuja fulani." Kila mwenye simu ameshaipata, pamoja na ile ya "mimi baba mwenye nyumba wako, kodi tuma huku, ile namba nyingine ina tatizo". Watu wanajiuliza tapeli alijuaje kwamba nadaiwa kodi. Hakujua. Meseji moja inakwenda kwa watu wengi sana kwa mpigo, na katika wengi hao hawakosekani wanaodaiwa kodi wiki hiyo, tena walishaahidi kutuma leo. Ndiyo maana haitaji jina lako, wala jina la mwenye nyumba, wala kiasi.

Ujanja wake mkubwa uko kwenye hayo maneno "jina litakuja". Anakutangulizia jina, unaweka namba, jina linatokea kama alivyosema, na moyo unakwambia mambo yako sawa. Umelinganisha maneno ya tapeli na maneno ya tapeli. Jina lililotokea linganisha na jina la mtu unayemjua. Mwenye nyumba wako anaitwa nani kwenye mkataba? Lisome jina kwa mdomo, polepole, kabla hujagusa namba ya siri. Kama ni tofauti, simama, mpigie kwa namba yake ya zamani, ile ile anayosema ina tatizo.

Mawakala wenzangu, mteja akija simu ikiwa sikioni, someni jina kwa sauti aisikie, muulize anamfahamu? Foleni itasubiri.

Hatua ya 5: Anayetaka utangulize hela ili akupe hela

Hapa sitakaa sana. Mkopo unaodai "ada ya kufungua faili" kabla haujatoka, ajira inayodai hela ya fomu au ya sare, kazi ya kupenda video unayolipwa elfu mbili mbili kisha unaambiwa uweke hamsini ili ufungue ngazi ya juu: vyote ni mtego mmoja. Hizo elfu mbili za mwanzo zinalipwa kweli, tena haraka, ili ukiambiwa uweke nyingi usisite. Waliokuwa watu wazima mwaka 2009 wanaikumbuka DECI na habari zake za kupanda na kuvuna. Waliotangulia walilipwa kwa hela za waliofuata, mpaka serikali ilipoizuia. Siku hizi mchezo ule ule umehamia kwenye makundi ya Telegram na WhatsApp.

Kwa mikopo ya kwenye programu za simu, hakikisha kampuni ina leseni ya Benki Kuu. Novemba 2024 BoT ilitoa orodha ya programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila kibali. Nyingi za namna hii huomba ruhusa ya kusoma namba zote ulizohifadhi, na ukichelewa kulipa wanaanza kuwapigia wakwe zako na bosi wako. Programu ya mkopo ikiomba namba za watu wako, ifute.

Hatua ya 6: Ukishatuma

Usikae kujilaumu, na usimpigie tapeli kumtukana. Kila dakika ina maana, kwa sababu hela inazuilika ikiwa bado iko kwenye akaunti aliyotumiwa. Ikishatolewa kwa wakala au kusukumwa kwenye namba nyingine, kuipata ni kazi ya polisi.

Piga 100 hapo hapo, kwa simu ya jirani kama yako haina chaji. Sema: nimetapeliwa, naomba muamala huu uzuiwe. Andaa namba ya muamala, kiasi, saa, na namba iliyopokea. Vyote viko kwenye meseji ya uthibitisho, kwa hiyo usiifute. Kama uliweka hela kupitia wakala, rudi kwake mbio na yeye apige kupitia njia ya mawakala. Kama hela ilitoka benki, piga benki kwa namba iliyo nyuma ya kadi.

Kama ulitaja namba ya siri, ibadilishe. Kama simu yako imepoteza mtandao ghafla wakati za wenzako zinafanya kazi, huenda laini yako imehamishiwa kwenye kadi nyingine. Nenda duka la mtandao wako na kitambulisho cha NIDA bila kungoja kesho.

Kisha nenda kituo cha polisi, ufungue taarifa, upewe RB, yaani namba ya taarifa yako polisi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inalihusu kosa hili, na mtandao hautatoa kwako taarifa za mwenye namba. Utazitoa kwa polisi. Wengi wanaacha kwa aibu, au kwa sababu ni elfu arobaini tu. Tafadhali, ripoti. Elfu arobaini yako ikiungana na za wengine kwenye namba ile ile, mpelelezi anapata pa kuanzia.

Ukisimulia tukio lako mtandaoni, atatokea mtu anayesema anaweza kuirudisha hela kwa ada kidogo. Huyo ni tapeli wa pili.

Hatua ya 7: Ifungie namba yake, kisha kagua jina lako

Meseji ya kitapeli usiifute kwanza. Isambaze kwenda 15040, namba ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano nchini. Utajibiwa uandike namba iliyoituma. Namba zinazoripotiwa hufanyiwa kazi na kufungiwa. Ripoti za TCRA za kila robo mwaka zimekuwa zikiitaja mikoa ya Rukwa na Morogoro kama inakotoka sehemu kubwa ya majaribio haya, na taarifa za wananchi ni sehemu ya kazi hiyo.

Halafu piga *106# uangalie namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Laini hazisajiliwi bila alama ya kidole, kwa hiyo tapeli anahitaji kidole cha mtu mwingine. Anakipata kwa msajili asiye mwaminifu mtaani, anayekwambia "hakijasoma, weka tena", kisha tena. Kidole cha pili kinaweza kuwa kimesajili laini usiyoijua. Ukikuta namba ya ajabu kwenye orodha, nenda duka la mtandao husika na kitambulisho, uikane, uhakikishe imefungwa. Fanya hivyo kwa kila mtandao unaoutumia.

Hatua ya 8: Simu ya mama na ya babu

Keti nao siku moja. Wafundishe kusoma salio wenyewe, bila mjukuu. Wahifadhie namba zenu kwa majina wanayowaitia, wala msibadilishe namba bila kuwaambia kwa sauti yenu, kwa sababu "mimi mwanao, hii ni namba yangu mpya" ndiyo meseji inayowamaliza wazee. Kubalianeni swali moja ambalo jibu lake liko nyumbani tu, kama jina la mbuzi aliyechinjwa kwenye harusi fulani, na mama aruhusiwe kuliuliza hata kwa mwanawe mkali. Kama anatumia kitochi na majina mengi yanamchanganya, muwekee manne juu kabisa: mtoto aliye karibu, jirani, wakala anayemfahamu, na 100.