Kifuniko cha oili hueleza hali ya injini ya pikapu

Ukienda kukagua pikapu ya dizeli iliyotumika, hasa Toyota Hilux yenye injini iitwayo 3L au 5L (ni majina ya injini, si lita), mwombe muuzaji asiiwashe kabla hujafika, kisha gusa injini kwa kiganja kuhakikisha kwamba imepoa kweli. Iwashe, iache ingurume taratibu hadi ipate moto, halafu fungua kifuniko cha kujazia oili na ukilaze kinyumenyume juu ya tundu bila kukikaza, mikono ikiwa mbali na feni na mkanda wake. Kikitetemeka tu, ni dalili njema. Kikirushwa pembeni huku moshi ukifuka mfululizo, yaelekea ringi za pistoni au silinda zimelika, kwa sababu gesi ya mwako inayopaswa kusukuma pistoni inavuja na kushuka kwenye oili, na kusuka injini upya kunaweza kumaliza akiba yote uliyobakiwa nayo. Kipimo hiki hudanganya pale muuzaji anapoweka oili nzito kupita kiasi ili kuficha uchakavu, na kwenye injini yenye turbo (kifaa kinachosukumia injini hewa zaidi), kwani turbo iliyochoka nayo huongeza msukumo huohuo. Hapo mtafute fundi apime kompresheni, yaani nguvu ya mgandamizo ndani ya silinda. Wala hakisemi lolote kuhusu chesisi, ile fremu ya chuma inayobeba gari: lala chini, uigongegonge kwa spana karibu na vishikio vya springi za nyuma, na ikitoa mlio mfu au magamba ya kutu yakadondoka, usiinunue hata kama injini ni nzima.