Swali moja, makundi mawili

Kama una programu ya simu na umelipia tangazo, ukataka kujua kama limefanya kazi, usimtwishe mteja dodoso la maswali kumi. Atalifunga kabla hajafika la tatu. Muulize moja tu, humo humo ndani ya programu, la kujibu kwa kugusa mara moja: "Kati ya hizi, ni chapa ipi umeona tangazo lake siku za karibuni?" Weka majina manne, lako likiwemo, na "Hakuna hata moja". Hilo la mwisho usilisahau. Likikosekana watu watabahatisha.

Sasa penye utamu wenyewe: usiwaulize walioona tangazo peke yao. YouTube wanapopima nguvu ya tangazo huuliza makundi mawili, walioliona na wale ambao wangeliona lakini kwa makusudi hawakuonyeshwa, kisha hulinganisha majibu. Ile tofauti ndiyo kazi ya tangazo. Ukiuliza upande mmoja utajipongeza bure kwa jina ambalo watu walishalijua zamani, pengine kwa kulisikia redioni.

Na "Je, umelipenda tangazo letu zuri?" si swali hilo, ni kuomba sifa.

Badilisha pia mpangilio wa majibu kwa kila mtu, kwani wengi hugusa la juu ili wapite. Na subiri mteja amalize kilichomleta. Ukimkatiza katikati ya kulipia umeme, utajibiwa kwa hasira, pengine na nyota moja kwenye Play Store.