SOMO: Kuosha membreni za RO zilizoota ute wa bakteria

Kila mara kuna anayeuliza kwa nini RO yake (mtambo unaosukuma maji kwa presha kwenye membreni, yaani vichujio vinavyozuia chumvi) imepunguza maji, na kila mara anajibiwa "piga asidi". Naomba msome yote kwanza. Somo hili ni la mitambo midogo ya visima vya maji chumvi, yenye membreni za poliamaidi (aina ya plastiki).

1. Hakikisha ni ute. Fungua hauzingi (bomba linaloshika membreni) ya kwanza, upande maji yanakoingilia. Ute huanza mbele. Ukoko wa chokaa huanza membreni ya mwisho. Utakuta utando wa kahawia unaoteleza, unanuka uozo. Kwangua kidogo, kausha, choma. Ukinuka nywele zilizoungua, ndio wenyewe.

2. Osha mapema: maji yakipungua asilimia 10 hadi 15, au tofauti ya presha ya kuingia na kutoka ikipanda asilimia 15.

3. Zima, suuza kwa maji yaliyotoka kwenye RO.

4. ANZA NA KOSTIKI. Hapa ndipo nilipoharibu seti nzima. Asidi ikikutana na ute kwanza, inaugandisha juu ya membreni, na baada ya hapo kuutoa ni kazi ngumu mno. Weka hadi gramu 1 ya kostiki soda kwa kila lita ya maji ya RO (kostiki iingie kwenye maji, usimwagie maji juu ya kostiki), ukiwa na glavu na miwani. pH (kipimo cha uasidi au ukostiki wa maji) isivuke 12, joto lisivuke nyuzi 35. Pima vyote viwili wakati dawa inazunguka, maana pampu yenyewe inapasha maji. Kamwe usitumie Jik: klorini inakula poliamaidi.

5. Zungusha dakika 30 hadi 60 kwa presha ndogo na mkondo mkubwa. Kinachong'oa ute ni kasi ya maji. Presha inaukandamiza tu. Dawa ya kwanza inayorudi, kama sehemu ya tano ya ujazo, mwaga. Loweka saa moja, au usiku mzima kama hali ni mbaya, kisha zungusha tena.

6. Suuza mpaka pH irudi kawaida. Kama kuna ukoko pia, sasa ndiyo zamu ya asidi ya sitriki, gramu 20 kwa lita.

7. Suuza tena. Maji ya mwanzo usiuze.

MASWALI

— Mkuu, nimeweka Jik kidogo tu, maji yameongezeka ila yana chumvi. Nifanyeje?
Nunua membreni nyingine. Soma namba 4.

— Sina kipimo cha pH, naweza kukadiria?
Hapana. Karatasi za pH ni bei ndogo sana ukilinganisha na membreni moja.

— Samahani mkuu, kwa nini ute unarudi haraka hata nikiua bakteria wote?
Swali zuri, dada. Hutawaua wote, na waliokufa wakibaki pale wanakuwa chakula cha waliobaki. Ndiyo maana kazi ni kung'oa, kuua pekee hakutoshi. Halafu angalia maji yanakopita kabla ya membreni: chujio la mkaa linaondoa klorini, kisha lenyewe linageuka kiota cha bakteria. Kama unaweka klorini kwenye tenki, iondoe kwa metabisulfaiti, miligramu 3 kwa kila miligramu 1 ya klorini, na uidungie karibu kabisa na membreni. Ukiidungia mbali, bomba lote la katikati linabaki bila ulinzi.

— Na mtambo ukilala wiki nzima kwa kukosa umeme?
Hapo ndipo ute unapostawi, maji yakiwa yamesimama. Suuza, kisha jaza metabisulfaiti gramu 10 kwa lita na ufunge valvu zote hewa isiingie. Kila mwezi pima pH ya dawa. Ikikaribia 3, badilisha.

— Katriji za maikroni 5 (vichujio vya uchafu vilivyo kabla ya membreni) zinaoshwa?
Zinabadilishwa. Ikiteleza mkononi, usingoje presha ipande.