SOMO: Kumpata fundi bustani na kuuvusha uwanja kiangazi, kwa sisi wa Tanga

Wanajamvi, salaam. Somo hili niliahidi tangu mfunguo mosi, nikawa nalipiga danadana. Sasa kaskazi imeshika, na jana nimemwona jirani yangu anashusha majani ya kapeti kwenye kirikuu saa saba mchana, jua la utosi. Nikasema basi, leo naandika.

Nilikaa Maskati miaka sita, kwenye nyumba yenye bustani. Kule mvua ya mwaka mzima ni kama milimita 100, na bado ua lilikuwa linapendeza. Sisi hapa tunapata zaidi ya milimita 1,200, lakini ikifika Februari viwanja vyetu vimekauka kama makumbi. Mvua tunayo. Tatizo letu ni ile miezi miwili mitatu ya katikati, juu ya mchanga na tumbawe lisiloshika maji. Kwa hiyo jangwa tunalo, ila letu ni la msimu, na mbinu za watu wa jangwani zinatufaa kwa msimu huo.

Niseme na langu kabisa, msije mkadhani nafundisha kwa kusoma tu. Mwaka niliorudi nilimpa fundi kazi mwezi wa kwanza, nikamlipa zote siku aliyokabidhi. Uwanja ulikuwa kijani, nikaweka stetasi, watu wakanipa hongera. Wiki ya tatu kona ya magharibi ikaanza kujikunja. Wiki ya tano nikavuta jani moja likaja pande zima, kama unakunja jamvi. Chini yake udongo mweusi unene wa vidole viwili, na chini ya udongo ni kifusi cha ujenzi: vipande vya tofali, saruji iliyoganda, hata soli ya kandambili. Simu ya fundi ikawa haipatikani. Tangu siku hiyo, kwangu fundi halipwi kwa kupanda. Analipwa kwa kilicho hai.

Hatua ya 1: Chimba kabla hujamwita mtu. Mashimo matatu, kila moja dhiraa moja kwenda chini, sehemu tofauti za uwanja. Jaza maji, yaache yazame, kisha jaza tena na utazame saa. Yakiisha ndani ya robo saa, una mchanga, utahitaji samadi nyingi. Yakilala mpaka kesho yake, chini kuna jiwe au kifusi. Ukichimbua unga mweupe, hiyo ni chokaa ya tumbawe, na kuna mimea itakayokusumbua. Kama una kisima, onja maji yake. Ulimi unatosha kukujulisha kama yana chumvi.

Hatua ya 2: Piga hesabu ya maji. Hapa ndipo wengi tunapoangukia, kwa hiyo nitakaa kidogo. Milimita moja ya maji juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Kapeti kwenye jua la Januari linataka kama milimita 5 kwa siku. Uwanja wa mita 10 kwa 10 basi unakunywa lita 500 kila siku, ndoo 25 zile za lita 20. Kwa mwezi ni lita 15,000, yaani yuniti 15. Sasa chukua bili yako ya mwezi uliopita uone nyumba nzima mmetumia yuniti ngapi. Wengine mtakuta majani yanakunywa kuliko nyie na watoto na wageni.

Kule Las Vegas, mji uliojengwa jangwani, mamlaka ya maji inamlipa mwenye nyumba ili ang'oe majani. Na mwaka 2021 jimbo lao la Nevada lilipitisha sheria kwamba kuanzia 2027 maji ya mto Colorado yasimwagiliwe majani ya pambo tupu, yale ya mbele ya maofisi na kandokando ya barabara. Ya uani kwa mtu hayakuguswa. Mimi nachukua kipimo hichohicho: majani weka pale watoto wanapocheza, au pale mnapotandika mkeka jioni. Kwingine weka changarawe, makumbi na mimea mivumilivu. Mita 100 zikishuka kuwa 20, hesabu inakuwa yuniti 3.

Hatua ya 3: Mimea. Badala ya kapeti, ukoka. Utakauka uwe rangi ya mchanga, usiogope, mvua mbili tu unarudi. Bogenvilia ikishashika mizizi haitaki maji mengi, ukiikausha kidogo ndiyo inatoa maua. Mshubiri, sawa. Mwarobaini kwa kivuli, upande wa magharibi ili ukinge jua la alasiri, lakini mbali na msingi na shimo la maji taka.

Halafu tunadharau kilicho mlangoni. Mkonge ni mmea wa nchi kavu ya Meksiko. Dk. Hindorf, yule Mjerumani mtaalamu wa kilimo, aliagiza miche 1,000 kutoka Florida mwaka 1893, ikafika hai 62 tu, na hiyo 62 ndiyo iliyoanzisha mashamba yote mliyokua mkiyaona mkienda Muheza na Korogwe. Mmea uliosalimika safari ile hautashindwa na uwanja wako wa Sahare. Miwili mitatu kwenye kona yenye changarawe inapendeza kweli. Usiupande tu njia ya watoto, ile ncha inafika jichoni.

Hatua ya 4: Kumtafuta fundi. Usimchague kwa picha za kwenye simu yake, picha zote hupigwa siku ya kukabidhi. Tembea mtaani Februari. Ukiona ua bado lina uhai, piga hodi, uliza nani analitunza. Akija kwako msikilize anauliza nini. Fundi anayekubali kupanda kapeti Januari bila hata kuuliza maji yanatoka wapi, mpe maji ya kunywa umsindikize.

Hatua ya 5: Makubaliano. Vifaa nunua mwenyewe, yeye mlipe ufundi. Gawa malipo mafungu matatu: la kwanza akishaondoa kifusi na kuchimba (pima kwa kijiti, usipime kwa macho), la pili akishapanda, la tatu miezi mitatu baadaye kwa miche iliyo hai. Andikeni kwenye daftari nani anamwagilia na siku gani, wekeni sahihi. Usimwachie mtu lawama ya mche ulioukausha wewe.

Hatua ya 6: Majira. Januari na Februari ni za kuchimba, kuchanganya samadi na kukusanya makumbi. Panda mvua za kwanza za masika. Mche wa mwezi wa nne unapata masika, manyunyu ya kusi, kisha vuli, na kaskazi ikirudi mizizi imeshakwenda chini.

Hatua ya 7: Kumwagilia. Asubuhi mapema. Mwagia maji mengi kila siku ya tatu, usinyunyize kidogo kidogo kila siku, maana mizizi hufuata maji, na ukiyaacha juu nayo inabaki juu. Mti uchimbie kisahani chini ya ncha za matawi, usimwagie shinani. Kwa mche mdogo, chukua chupa ya lita moja na nusu, toboa tundu moja la msumari karibu na kitako, ifukie nusu pembeni ya mche, ujaze, kizibo kilegeze. Ukikikaza sana maji hayatoki, ukikiacha wazi yanaisha upesi. Utakizungushazungusha mpaka ujue.

Makumbi ya kufunikia udongo yapange kifudifudi, tumbo chini. Ukiyalaza chali yanashika maji ya mvua na umefuga mbu wa dengi. Na yaache shubiri moja kutoka shina.

MASWALI

Mama Pacha: Shikamoo bi mkubwa. Mie nimepanga Makorora, uwanja wenyewe mita tatu na una saruji. Nifanyeje?

*Marahaba mwanangu. Madumu ya mafuta yaliyokatwa, toboa chini, weka udongo na samadi. Asmini, mchaichai, mrehani. Maji uliyooshea mchele na mboga yanatosha kabisa. Na ukihama unaondoka nayo.*

Kijana wa Duga: Kisima changu kina chumvi kiasi, sabuni haitoi povu. Naweza kumwagilia?

*Mnazi hauna neno, na bogenvilia inavumilia. Mdimu na mpapai usijaribu. Kama huna namna, mwagia mengi kwa mara moja yaisukume chumvi chini. Ukiona ukoko mweupe juu ya udongo, simama. Halafu fikiria bati lako: paa la mita 80 za mraba, mvua ya milimita 50, ni lita 4,000. Hata zikipotea lita 800, tangi la lita 3,000 limejaa kwa mvua moja.*

Mstaafu: Mdimu wangu majani machanga yanakuwa njano, lakini mishipa imebaki kijani. Nimeongeza maji, wapi!

*Shikamoo mzee wangu. Usiongeze maji tena. Hiyo ni chokaa, inauzuia mti kuchukua madini ya chuma hata kama yapo kwenye udongo. Weka samadi iliyooza vizuri, kila baada ya miezi michache. Na tazama pembeni, mafundi saruji hawakumwaga mabaki yao hapo?*

*Mstaafu: Marahaba. Walimwaga. Ndipo walipokuwa wanakorogea zege.*

Zubeda K.: Dada, makumbi hayaleti mchwa?

*Yanaleta, wakiwepo. Yaweke mita moja mbali na ukuta na milango ya mbao, uyapindue kila wiki.*

Mikono Kijani: Mimi ni fundi bustani. Samahani dada, hilo fungu la tatu mnatuonea. Miezi mitatu mimi nimekula nini? Na mwenye nyumba akisafiri mche ukafa, hela yangu imekwenda.

*Una haki, kaka. Tugeuze hivi: la tatu liwe dogo, sehemu moja ya kumi, na juu yake mwenye nyumba akulipe kila unapokuja kukagua, mara mbili kwa mwezi. Akisafiri bila kuacha mtu wa kumwagilia, fungu lako lipo palepale. Nimerekebisha kwenye daftari langu pia.*

Mikono Kijani: Hapo sawa. Na waambie wasituite siku ya Idi imebaki wiki.

Mama Pacha: Bi mkubwa, na yule jirani wa kirikuu?

*Jioni nilimpelekea viroba viwili vya makumbi. Kapokea, kashukuru. Leo saa saba mchana nimemwona kasimama na mpira, anamwagilia.*