Sakafu ya nje isiyoteleza: kuchagua uso wa zege kwa nyumba ya Mombasa

Uso wa zege la nje huchaguliwa kwa miguu itakayoukanyaga na maji yatakayoulowesha. Picha ya kwenye simu ije baadaye. Niru laini, yaani uso wa saruji uliosuguliwa mpaka ukateleza, hupendeza sebuleni, lakini ukiipeleka uani karibu na bomba, mvua za Mei zikishika mtu atavunjika nyonga. Hatua hizi ni za zege jipya: njia, ua, kando ya bwawa la kuogelea na mteremko wa gari. Aliye na sakafu inayoteleza tayari aruke hadi mwisho.

Hatua ya 1: Jua nani anapita wapi

Zunguka eneo lote na karatasi. Andika panapotawadhiwa, panapofuliwa, panapoparwa samaki, wapitapo watoto pekupeku, gari linapopanda, na penye kivuli cha mwembe kutwa nzima. Kivuli kina uzito wake, kwani hapo ndipo ukoga wa kijani huota, na ukoga hushinda uso wowote usiosuguliwa.

Hatua ya 2: Chagua uso

Mistari ya fagio, ile inayoachwa na fagio likivutwa juu ya zege bichi, ndiyo chaguo langu kwa robo tatu ya kazi za nyumbani. Haiongezi gharama ya vifaa, inashika mguu uliolowa, na ikichakaa inarekebishika. Njia na ua hutosha mistari myembamba ya nywele laini. Mteremko wa gari unataka nywele ngumu na mistari ya kina, ikikata njia ya tairi.

Floti ya mbao, ule ubao wenye mshikio wa kusawazishia zege, huacha uso wa chengachenga kama msasa mkubwa. Inafaa barazani na mahali pa kutawadhia, kwa sababu haiumizi unyayo na haina mifereji ya kushika sabuni.

Kokoto wazi, yaani zege lililooshwa juu mpaka mawe yakaonekana, ni zuri na hudumu sana. Lakini lisiwekwe panapoparwa samaki: magamba huingia kati ya mawe, na fagio haliyatoi. Kando ya bwawa tumia kokoto za mviringo za mtoni. Kokoto za kupondwa zina makali, na zile za matumbawe ni laini, hunywa maji na kuliwa upesi.

Zege la kupigwa chapa kuiga mawe silishauri hapa. Nafasi ya kupiga chapa ni fupi kwenye joto, rangi inahitaji kupakwa king'arishi tena kila baada ya miaka michache, na king'arishi chenyewe kikilowa kinateleza. Anayetaka sura ya mawe ya Mazeras anunue mawe ya Mazeras. Yanachimbwa hapo juu tu. Na ile mbinu ya kutupia chumvi ya mawe juu ya zege bichi ili iache vishimo, waachieni wengine. Wavu wa BRC, yaani wavu wa chuma unaolazwa ndani ya zege, una maadui wa kutosha kwenye upepo wetu wa chumvi.

Hatua ya 3: Tengeneza kipande cha majaribio

Nusu mita kwa nusu mita, kwa mchanganyiko uleule, fundi yuleyule na fagio lilelile. Kikikauka, kimwagie maji ya sabuni ukipite pekupeku. Kibaki pale kazini mpaka mwisho, ili ubishi ukizuka kiwe mwamuzi.

Hatua ya 4: Mteremko na mchanganyiko

Mteremko wa kutoa maji uwe sentimita 2 kwa kila mita, ukitoka nyumbani kwenda nje. Unene ni milimita 100 kwa miguu na 150 kwa gari.

Kwa mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50, tia ndoo mbili na nusu za mchanga na ndoo tano za kokoto, ndoo ya lita 20. Maji yasizidi lita 25, na yapungue mchanga ukiwa umelowa. Kwa kipimo hiki mita moja ya ujazo hula mifuko 8 hivi, kwa hiyo ua wa mita za mraba 20 wenye unene wa milimita 100 utakula mifuko 16. Pima kwa ndoo. Sepetu si kipimo, hata fundi akiapa.

Mchanga wa ufuoni usikubali, uwe wa bei gani. Maji ya kisima yaonje: ukihisi chumvi, nunua ya boza. Chumvi hutoka baadaye kama unga mweupe juu ya sakafu, tena huozesha BRC. Chuma kikipata kutu huvimba na kupasua zege kutoka ndani.

Viungo, yaani mikato ya kuongoza nyufa, viwe kila mita 2.4 hadi 3 kwa zege la milimita 100, na kina chake robo ya unene.

Hatua ya 5: Kungoja wakati wa kugusa

Hapa ndipo sakafu nyingi huharibika, na hakuna saa ya ukutani itakayokusaidia. Zege likishanyooshwa kwa rula na kupitishwa floti mara ya kwanza, maji hupanda juu na uso hung'aa. Usiuguse. Ukiufanyia kazi wakati huo unarudisha maji kwenye ngozi ya juu, inakuwa dhaifu, na baada ya miezi michache inatoa vumbi na kubanduka kama magamba.

Ngoja mng'ao upotee wenyewe. Kisha bonyeza kwa kidole gumba: kiache kishimo cha milimita chache bila maji kujaa ndani na bila uji kunata kidoleni. Halafu jaribu fagio pembeni, shubiri mbili tu. Mistari ikijifunga yenyewe au fagio likibeba vidonge vya uji, ni mapema. Fagio likikwaruza tu na kutoa unga, umechelewa. Mistari ikisimama na kingo safi, anza mara moja na usipokee simu.

Shida ya Mombasa ni kwamba mng'ao unaweza kukudanganya. Miezi ya kaskazi, hasa Januari hadi Machi, jua na upepo hukausha uso kabla maji ya chini hayajamaliza kupanda. Juu panaonekana tayari, kumbe ni ngozi tu. Kidole kikibonyea ukaona uso unakatika vipande huku chini ni laini kama uji, ndiyo hiyo. Ukipitisha fagio, ngozi inachanika na kuburuta kokoto. Mara nyingi utaona pia nyufa nyembamba zilizopangana sambamba zikianza hata kabla ya kuchana mistari kwa fagio.

Kinga ni rahisi kuliko dawa. Lowesha udongo au kifusi cha chini jioni ya kuamkia kazi, maji yasituame. Weka kokoto na mchanga kivulini. Mwaga alfajiri, zege liwe chini saa kumi na mbili na nusu. Wengine hupenda alasiri. Mimi sipendi, maana zege likikawia utachana gizani kwa tochi ya simu, na mistari iliyochanwa kwa tochi hujulikana asubuhi. Funga turubai upande wa upepo unakotoka. Upepo ukizidi, nyunyiza ukungu wa maji hewani juu ya zege, si juu ya uso wenyewe.

Mambo mawili fundi atataka kufanya, na umkataze yote mawili. La kwanza ni kurushia saruji kavu ili inywe maji yaliyopanda: hutengeneza kaki ngumu isiyoshikana na zege la chini, nayo hubanduka. La pili ni kupiga maji kwa brashi juu ya uso uliokauka ili floti iteleze. Kwa macho kazi inakuwa nyepesi, lakini umepunguza nguvu palepale miguu itakapopita.

Siku za kusi zenye mawingu mambo hugeuka: maji hukaa juu muda mrefu, na kishawishi ni kuyafagia upesi mkalale. Yakikaa kama dimbwi, yaburute taratibu kwa mpira wa bustani ulionyooshwa, watu wawili, mmoja kila upande. Mvua ikitishia, usianze. Tone kubwa la mvua kwenye zege bichi huacha kishimo ambacho fagio halikifichi.

Hatua ya 6: Kuchana

Tumia fagio la nailoni lenye upana wa sentimita 60 hivi na mpini mrefu. Fagio la njukuti libaki kwenye kufagia uwanja: vijiti vyake havilingani, kimoja hulima na kingine hakigusi. Chovya majini, kung'uta sana, vuta mara moja kutoka ukingo hadi ukingo bila kusimama, kisha osha kabla ya mvuto unaofuata. Mvuto mmoja upande juu ya mwingine kidogo tu. Usirudie pale pale.

Hatua ya 7: Kama ni kokoto wazi

Tawanya kokoto juu ya zege bichi, zigonge kwa floti mpaka zifunikwe na uji. Zege likishaanza kushika, nyunyiza maji ya sukari yaliyo mazito, ufunike kwa nailoni. Sukari huzuia ngozi ya juu kushika huku chini kukiendelea kukomaa. Kesho yake osha kwa brashi na maji ya taratibu. Mawe yasitokeze zaidi ya theluthi ya urefu wake, la sivyo yatang'oka. Kiasi cha sukari kijaribu kwenye kile kipande cha hatua ya 3, na usiitie kamwe ndani ya mchanganyiko. Tarajia sisimizi.

Hatua ya 8: Kukomaza

Magunia yaliyolowa, siku saba, yasikauke hata mchana mmoja. Anza mara mistari inapostahimili uzito wa gunia. Maji yawe matamu, yasiyo na chumvi. Gari lingoje siku 28.

Kwa sakafu iliyokwisha kumwagwa

Kupiga plasta nyembamba juu ya niru ni hasara, haishiki, itabanduka. Asidi hukwaruza kidogo tu, huunguza mapafu ya anayeipaka na kuacha chumvi zake. Rangi yenye mchanga huinuka unyevu ukipanda kutoka chini. Kodisha grinda yenye kisu cha almasi, kata mifereji ya kina cha milimita 3 kila sentimita 3 hadi 4, ikikata njia ya miguu, huku ukimwagia maji kupunguza vumbi. Waya wa grinda uwe na kinga ya umeme, na barakoa ivaliwe. Kabla ya kukata gonga sakafu kwa nyundo kutafuta mahali penye mlio wa uwazi: hapo ngozi imeshaachana na zege, pabomolewe na kumwagwa upya.