Matangazo yanayoruka kwenye kompyuta: anzia kwenye arifa

Wenye steshenari mnaozunguka UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma), hii ni yenu. Kompyuta ikianza kurusha vitangazo pembeni, "una virusi 5, bofya hapa", msikimbilie kupiga Windows upya. Mara nyingi si kirusi. Ni tovuti ambayo mteja aliibofyia "Ruhusu" akitafuta filamu ya bure. Fungua mipangilio ya Chrome, ingia mipangilio ya tovuti, kisha arifa, uondoe kila jina usilolijua.

Ukurasa wa kutafutia ukibadilika wenyewe, futa viendelezi (extensions, programu ndogo zinazoongezwa kwenye Chrome) usivyoviweka wewe. Halafu zipange programu za Windows kwa tarehe ya kuingia. Mgeni huonekana haraka. Ikigoma, rejesha mipangilio ya awali ya Chrome. Nywila na alamisho hazifutiki.

Mafaili yakibadilika majina na ujumbe wa kudai pesa ukatokea, hiyo ni kesi nyingine. Chomoa waya wa intaneti, zima WiFi, na flashi ya mteja isiguse mashine hiyo. Kabla ya kuwaza kulipa, tafuta No More Ransom, mradi wa polisi wa Uholanzi, Europol na kampuni za usalama, ulioanza 2016: hutoa bure funguo za kufungua mafaili yaliyofungwa na baadhi ya aina za virusi hivyo.