Kupima mbegu za mtama kwa ukame wa maabara, kwa kutumia PEG 6000

Kipimo hiki huchuja aina za mtama kabla hujazipeleka shambani. Kinajibu swali moja tu: mbegu ipi huota hata maji yakiwa magumu kunyonywa? PEG 6000 (polyethilini glaikoli) ni unga ambao ukiyeyuka hufanya maji yawe magumu hivyo.

1. Mbegu. Chagua za msimu mmoja, zilizohifadhiwa pamoja. Ukichanganya mpya na za miaka mitatu, utakuwa umepima uzee. Kila aina ipate sahani 4 za petri (sahani ndogo za maabara zenye kifuniko) za PEG na 4 za maji matupu, mbegu 25 kwa sahani.

2. Usafi. Loweka kwenye klorini ya asilimia 1 kwa dakika 5, kisha suuza mara tatu. Mbegu inayochelewa kuota ndiyo huwahiwa na ukungu.

3. Myeyusho. Hapa ndipo wengi huharibu. Kwa nyuzi 25 za Selsiasi, gramu 200 za PEG 6000 ndani ya kilo 1 ya maji yaliyokenekwa hutoa takriban −0.5 megapaskali (kipimo cha ugumu wa kunyonya maji: namba ikizidi kushuka chini ya sifuri, ukame umezidi), gramu 300 hutoa −1.0. Pima maji kilo nzima, ndipo utie unga. Ukitia unga kwanza halafu ukajaza maji hadi alama ya lita 1, maji yatapungua na ukame utazidi uliokusudia. Joto nalo lisibadilike: likipanda, makali ya myeyusho hupungua. Anza na −0.5.

4. Sahani. Karatasi moja ya kuchujia ya sentimita 9, mililita 8 za myeyusho. Karatasi hunyonya maji na kuiacha PEG, hivyo myeyusho ukiwa kidogo, unaobaki huwa mkali mno. Funga sahani ndani ya mfuko wa plastiki, nyuzi 25.

5. Kuhesabu. Kila siku, saa ileile, hadi siku ya 10. Mbegu imeota mzizi ukifika milimita 2. Gawanya asilimia ya mbegu zilizoota kwenye PEG kwa ile ya zilizoota kwenye maji matupu, zidisha kwa 100; aina yenye namba kubwa ndiyo imeongoza.

Maswali

*Mkuu, PEG ni ghali. Chumvi haifai?*
Haifai. Chumvi huingia ndani ya seli na kuzidhuru, kwa hiyo utakuwa umepima ustahimilivu wa chumvi. Molekuli za PEG 6000 ni kubwa, hubaki nje. PEG 400 usiitumie, hiyo hupenya.

*Kwenye maji matupu zimeota asilimia 60 tu. Niendelee?*
Simama. Mbegu hizo ni dhaifu tayari. Tafuta nyingine za aina hiyohiyo.

*Iliyoongoza ndiyo nimpe mkulima?*
Bado. Mtama huumia zaidi ukame ukiupata unapochanua na kujaza punje, na sahani haionyeshi hilo. Zilizofaulu zipande kwenye ndoo, ukate maji kabla masuke hayajatoka, kisha upime uzito wa punje.